Watarajali wapya, kabla hamjaandika fakta, ile protini ya kugandisha damu

Juzi kwenye raundi nimekuta tena diklofenaki ya sindano kwenye karatasi ya mtoto mwenye hemofilia, ugonjwa wa kupungukiwa fakta. Ya tako! Nesi ndiye aliyegoma kuchoma, Mungu ambariki. Wadogo zangu, hebu tuelewane.

1. Sindano ya msuli hapana, aspirini hapana, diklofenaki hapana. Kwa maumivu anza na parasetamoli.

2. Fakta kwanza, picha baadaye. Aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa, hata kama anacheka na kumung'unya ubuyu, apewe dozi ya kumfikisha asilimia 80 hadi 100 ya kiwango cha kawaida cha fakta ndipo aende kwenye CT.

3. Andikeni aina. Hapa niliumbuka. Mtoto katoka Kondoa, goti limevimba, faili limeandikwa "hemofilia", basi. Kwa kuwa wagonjwa wetu wengi ni A, wanaopungukiwa fakta 8, nikaandika hiyo 8. Hesabu safi: kilo 20, mara 40 (asilimia niliyolenga), nusu yake, uniti 400, nikapandisha hadi kichupa kizima cha 500, maana fakta haimwagwi. Nikajiona bingwa. Mama mtu akauliza kwa adabu, "Dokta, mbona boksi la leo siyo lile letu?" Nikamjibu kampuni zinabadilika, mama. Kampuni zinabadilika! Jioni ngozi ya goti inang'aa, mguu umekunjwa, mtoto hataki hata shuka limguse. Mama akafungua mkoba, akatoa kadi ndani ya mfuko wa nailoni: hemofilia B, ya kupungukiwa fakta 9. Fakta 9 ilikuwepo, friji hilohilo, rafu ya chini. Na dozi yake siyo ileile: uniti moja kwa kilo inapandisha 8 kwa asilimia 2, ila 9 kwa takriban 1, kwa hiyo alihitaji kama 800. Msikimbilie krayo pia, ile sehemu ya plazima yenye fakta 8, haina 9. Fakta 9 ikikosekana, mgonjwa wa B apewe plazima, yale maji ya damu. Yule mama alinisalimia vizuri tu kesho yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

4. Traneksamiki, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, kwa fizi zinazotoka damu, sawa. Mkojo wenye damu, usiiandike.

5. Historia ya familia iulizwe upande wa mama, na kwa lugha ya nyumbani: nani alikatwa kimeo damu ikagoma kukata, nani aliumwa jandoni. Bibi mmoja wa Mpwapwa alinihesabia wajomba wawili wa mjukuu wake waliofia jandoni, huku faili linasema "historia ya familia: hakuna". Aliyeandika hivyo anajijua.