Kabla Hujasema "Mungu Ameniambia"

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kinachoombewa sana kwenye jumuiya yetu, ukiacha wagonjwa na ada za shule, ni viwanja. Nala, Ihumwa, Iyumbu, Mtumba, yote yamepita kwenye maombi ya Jumatano. Na wengi tunaomba kwa mpangilio uleule. Tunakiona kiwanja, tunakipenda, tunajumlisha akiba na mkopo wa kikoba, tunamwahidi dalali, ndipo tunapiga magoti kuomba uongozi. Kwa kweli hapo tunaomba muhuri tu. Uamuzi tulishaufanya.

Kwa hiyo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kuomba mapema, kabla moyo haujaegemea upande. Mimi na mume wangu tuna utaratibu wetu: jambo lolote linalogusa fedha ya nyumba au shule ya watoto, tunaliombea kabla hata ya kuuliza bei. Ombi lenyewe ni fupi: Bwana, tuonyeshe na lile tusilotaka kuliona. Msiliombe kama hamko tayari, maana hujibiwa.

Kiangazi kimoja dalali alitupeleka kuona kiwanja nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Singida. Eneo tambarare, bei ya kuvutia, na maneno yao yale tunayoyajua: "Kesho kuna mtu wa Dar anakuja na hela mkononi." Mume wangu alikuwa ameshaanza kupima sebule kwa hatua. Akapita mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Tukamwamkia Kigogo, mbukwenyi, akaitikia, nami nikamwuliza kwa mazoea tu: mama, hapa mvua zikinyesha panakuwaje? Hakujibu. Alitua mzigo, akatupeleka kwenye mti wa miiba uliokuwa karibu, akanyoosha kidole kwenye matawi ya chini. Nyasi kavu, kipande cha kamba na kandambili iliyokatika vilikuwa vimenasa kwenye miiba, usawa wa kiuno changu. "Maji hayo," akasema, akajitwika kuni zake.

Huku kwetu mvua huanza Desemba hivi na kukoma Aprili. Muda mwingine wote wa mwaka njia ya maji hukauka kabisa, na mgeni anaweza kuapa kwamba ni uwanja wa mpira. Hatukununua.

Je, Mungu alisema nasi siku ile? Naamini alisema. Ndiyo maana siwaelewi wanaodhani kwamba kwenda ofisi ya ardhi kuhakiki hati, au kumwuliza mwenyekiti wa mtaa na majirani, ni upungufu wa imani. Katika Luka 14 Yesu anauliza ni nani ajengaye mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuhesabu ni sehemu ya kuongozwa.

Kuna hili la "nina amani nalo". Nalisikia kila wiki, na nimefika mahali naliogopa. Yona alikuwa na amani ya kutosha kulala usingizi mzito ndani ya merikebu, naye yuko mbioni kumkimbia Mungu. Bwana wetu kule Gethsemane alikuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, na jasho lake likadondoka kama matone ya damu. Amani ni zawadi ya kweli, sikatai, lakini peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Wakati mwingine ni nafuu tu ya mtu aliyechoka kufikiri.

Na Gideoni je? Watu wanapenda sana ile ngozi ya kondoo ya Waamuzi 6, aliyoomba ilowe umande iwe ishara kwake, nao wanajiwekea ishara zao: nikipigiwa simu kabla ya Ijumaa, basi ni mapenzi ya Mungu. Someni sura yote. Gideoni alikuwa ameshaambiwa wazi la kufanya. Ngozi ile ilikuwa ya kutuliza woga wake, tena aliiomba mara mbili.

Mimi naupenda zaidi mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15. Palikuwa na mabishano marefu, Petro akasimama, Barnaba na Paulo wakatoa taarifa, Yakobo akafungua Maandiko, na mwisho wakaandika kwamba ilimpendeza Roho Mtakatifu na wao. Roho alikuwa kikaoni. Kwa hiyo tafuta watu wawili watatu ambao hawapati chochote kwenye uamuzi wako, na angalau mmoja awe na ujasiri wa kukwambia hapana. Mimi ninaye bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Hana maneno mengi. Akisema "mwanangu, lala kwanza," nalala kwanza.

Kuhusu watumishi wanaotabiri juu ya ndoa au biashara yako na papo hapo kutaja kiasi cha sadaka, sina la kueleza. Ondoka.

Kingine nimekiazima kwa ndugu zetu Wakatoliki. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuti, alifundisha kwamba mtu akiwa katika ukiwa wa moyo asibadilishe uamuzi alioufanya akiwa na utulivu. Nina cherehani mbili na kibanda cha ushonaji, na kila Januari, ada zikibana na wateja wakiadimika, nasikia "sauti" ya kukifunga. Siifanyii kazi Januari. Nikiisikia tena Juni, sare za kwaya zimejaa mezani, nitaisikiliza.

Mambo madogo yaacheni yawe madogo. Kama jioni ni mlenda au mchicha, pika.

Na ukishaamua, usianze kupekua kila tatizo ukidhani ulisikia vibaya. Paulo alipata maono ya kweli kabisa ya kwenda Makedonia. Akaenda, na Filipi wakamchapa viboko na kumtia gerezani, miguu kwenye mkatale. Hakuna mahali Matendo 16 inaposema maono yalikuwa ya uongo. Sisi tukifikia uamuzi mkubwa tunauandika kwenye daftari: tarehe, sababu zetu, nani tulimshirikisha, andiko gani lilitugusa. Siku mambo yakienda mrama, mume wangu hulifungua lile daftari kabla hatujaanza kulaumiana.