Uliza Shangazi: Vyumba vya juu vimekaa vitupu, niwatie watalii?

Shangazi, asalamu aleikum.

Nakaa Kuze, Mji wa Kale, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ni ya ghorofa moja, na tangu mama ahamie kwa dadangu Kisauni, vyumba vitatu vya juu havina mtu. Jirani amenambia watalii wanaotoka kuzuru Fort Jesus hupenda kulala katika nyumba kama hizi. Mpwa wangu ameshapiga picha na anataka aziweke Airbnb wiki hii hii. Tuko watoto watatu, mimi, dadangu, na kaka yetu aliye Muscat ambaye hajasema ndiyo wala la. Nimepanga pia kung'oa madirisha ya mbao nitie ya aluminiamu ili niweke eyakondishena. Je, kwa vyumba vitatu tu nahitaji leseni kweli? Na nianzie wapi?

Bi. R., Kuze

Waaleikum salaam, Bi. R.

Leseni ni lazima, hata kwa vyumba vitatu, na picha za mpwa wako zingoje kwanza. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 haikutaja mahoteli peke yake. Imetaja pia vila, nyumba za mapumziko na nyumba za familia zinazopokea wageni, na zote ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo wenye kazi hii huiita TRA. Zamani wengi walijifanya hawaijui. Lakini Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa Nairobi katika nyumba za kukodishwa kwa siku, serikali ilisema wazi kwamba wenye nyumba hizo wote wajisajili. Mimi niliunga mkono amri ile na bado naiunga. Mgeni anayefunga mlango usiku ana haki ya kujua kwamba kuna ofisi inayomjua mwenye nyumba.

Sasa, umeuliza uanzie wapi. Usianze na TRA. Anza na Muscat.

Nyumba bado ni ya marehemu mpaka mirathi igawanywe, na nyinyi ni Waislamu, kwa hivyo pa kwenda ni Mahakama ya Kadhi. Hesabu yenu si ngumu. Ikiwa wazazi wa baba walitangulia, na hakuna deni wala wasia, nyumba hugawanywa mafungu 32. Mama huchukua thumuni yake, ambayo ni mafungu 4. Kaka hupata 14, na nyinyi mabinti wawili 7 kila mmoja. Tazama hapo, Bi. R. Aliyenyamaza ndiye mwenye fungu kubwa kuliko nyote, na wewe uliye ndani ya nyumba una 7 tu. Ukiweka wageni leo, kila shilingi utakayopokea ina mafungu ya watu wengine watatu ndani yake. Nimeona nyumba nzuri ya jirani zangu ikifungwa kufuli kwa ugomvi wa namna hii hii, na wageni walikuwa wameshalipa.

Kwa hivyo piga simu. Mwambie kakako kiasi unachotarajia kutoza, nani atatengeneza paa, nani atafua mashuka, na malipo ya kazi yako yatakuwa kiasi gani kabla faida haijagawanywa. Hilo la mwisho usilionee haya. Kupokea wageni ni kazi, na ufanyaye kazi una ujira mbali na fungu la urithi. Mkikubaliana, andikeni kwa wakili, na warithi wenzako wakupe hati ya uwakala ili majina kwenye vibali yasije yakaleta swali. Mama naye aulizwe kwa adabu, asiletewe karatasi ya kutia kidole tu.

La pili ni madirisha, na hapa nakuomba sana: usiyang'oe.

Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi tangu 1990, na kabla ya kubadilisha uso wa nyumba, iwe ni mlango, dirisha, roshani au kuongeza ghorofa, unatakiwa kupata ruhusa ya ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa. Aluminiamu hawatakukubalia, na wakikukubalia mimi nitasikitika. Mgeni anayetaka kioo na aluminiamu ana mahoteli tele Nyali. Anayekuja Kuze anafuata mbao zile ambazo fundi alizichonga kwa mkono, na ule upepo unaopita katikati ya vipande vya mbao jioni. Tengeneza bawaba, paka mafuta, tia wavu wa mbu kwa ndani na feni nzuri ya dari. Ukitaka baridi zaidi katika chumba kimoja, uliza ofisi ile ile mahali pa kuweka mashine isionekane barabarani.

Na ukuta pia. Kuta zenu ni za matumbawe na chokaa. Fundi akija na saruji kuziba palipomomonyoka, mrudishe. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na baada ya masika plasta huvimba ikaanguka mapande mapande juu ya kitanda cha mgeni. Chokaa hupumua. Mafundi wa chokaa bado wapo mjini, ila wengi ni wazee, kwa hivyo muwahi.

Baada ya hapo ndipo karatasi. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, hakikisha una PIN ya KRA, kisha nenda Kaunti ya Mombasa uchukue kibali cha biashara. Uwaulize hapo hapo watu wa mipango kama nyumba yako inahitaji kubadilishwa matumizi, maana imeandikwa ya kuishi. Kaunti itakutumia afisa wa afya na watu wa zimamoto. Hao wa zimamoto ndio ningekutaka uwasikilize kuliko wote. Gari lao haliwezi kuingia vichochoro vya Kuze, dari zenu ni za boriti, na ngazi ni ya mbao na ni moja. Weka mtungi wa kuzimia moto juu na chini, king'ora cha moshi katika kila chumba, na taa ya dharura kwenye ngazi kwa ajili ya siku stima ikikatika. Jiko la gesi lisiwe chini ya ngazi. Fanya haya hata kama hakuna afisa atakayekuja kukagua.

Maji nayo yatakaguliwa na wageni wenyewe. Ukitegemea kisima, ujue yana chumvi, na mgeni aliyeosha nywele kwa maji ya chumvi siku tatu ataandika. Nunua tangi la kutosha, ulijaze siku maji ya mfereji yanapotoka, na ya kunywa yawekwe peke yake.

Ukitaka kuwapikia kiamshakinywa, na mimi ningependa uwapikie mahamri na mbaazi wala si mkate wa dukani, basi wewe na yeyote anayeshika chakula mnahitaji cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6.

Ukishika vibali vya kaunti ndipo unapoomba TRA. Maombi hufanywa mtandaoni, wakaguzi huja, na leseni ni ya mwaka mmoja. Watu huchanganya leseni na nyota, kumbe ni vitu viwili. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, nyota ni daraja, nawe huhitaji nyota ili upokee mgeni.

Fedha: Mfuko wa Utalii hutaka asilimia 2 ya mapato yako, ilipwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Risiti zitoke kwa eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za mtandaoni. Wengi huniambia kodi ya nyumba haina VAT, na ni kweli kwa nyumba ya mpangaji wa kawaida, lakini sheria ya VAT imetoa malazi ya mapumziko nje ya msamaha huo. Mapato yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, unatakiwa kujisajili kwa VAT. Kwa vyumba vitatu hutafika huko haraka, ila uweke daftari tangu siku ya kwanza.

Daftari la pili ni la wageni: jina, nambari ya pasipoti au kitambulisho, siku ya kuingia na ya kutoka. Ukishakusanya taarifa hizo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Biashara za kupokea wageni zimetajwa kwa jina miongoni mwa zile zinazotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo. Usipige picha pasipoti ya mtu ukaiacha kwenye simu ya mpwa wako.

Na jambo ambalo hukuliuliza. Mgeni akija na mtoto asiyekuwa wake, au akitaka kumpandisha juu msichana wa shule, mlango ufungwe na polisi waitwe, hata kama amelipa mwezi mzima. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa kifungo kisichopungua miaka 10 mtu anayejua mtoto ananyanyaswa ndani ya nyumba yake akaruhusu. Pwani yetu imeumizwa na jambo hili kwa muda mrefu, na mara nyingi mlango ulifunguliwa na mwenyeji. Waambie mpwa wako na kila utakayemwachia funguo.

Majirani wapelekee habari mapema, ukianza na wale wanaokaa barazani mbele ya mlango wako. Wageni nao waandikie kwenye karatasi iliyo chumbani kwamba adhana ya alfajiri itasikika, mabega yafunikwe wanapotoka, na pombe haiuzwi hapa. Sijaona mgeni aliyekasirika kwa kuambiwa mapema.

*

Shangazi, nimepanga flati ya vyumba viwili Nyali. Natumwa kazi Nairobi miezi sita. Naweza kuikodisha kwa watalii nipate ya kulipia kodi? Mwenye nyumba hajui, na jumba lina chama cha wenye flati.

Kijana wa Nyali

Mwanangu, bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, hapana. Soma mkataba wako. Mingi inakataza kumpangisha mtu mwingine, na hapo ataweza kukutoa. Chama nacho si cha kupuuzwa, kwa sababu sheria ya umiliki wa flati ya mwaka 2020 (Sectional Properties Act) imekipa nguvu ya kusimamia kanuni za jumba. Wakazi waliochoka na masanduku ya magurudumu usiku wa manane, na watu wasiowajua kwenye lifti, wana haki ya kusema. Akikubali mwenye nyumba na chama kikakubali, leseni ni zile zile nilizomweleza Bi. R. Akikataa, mwombe akuruhusu umtafute mpangaji wa miezi sita. Nyali hukosi daktari au mwalimu anayetaka flati yenye fanicha.

*

Nina nyumba ndogo Mtwapa, naishi Tudor. Nilikwenda Kaunti ya Mombasa kulipia kibali, wakanirudisha. Kuna mtu anasema anaweza "kunisaidia" hapo hapo Mombasa. Nimlipe?

Mzee wa Tudor

Usimlipe, mzee wangu. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kaunti ya Kilifi, na kibali chako kinatoka huko. Waliokurudisha walikutendea wema. Karatasi ya Mombasa kwa nyumba ya Mtwapa haina kazi, hata iwe na muhuri. Ni hivyo hivyo kwa wenye nyumba Diani, wao ni wa Kwale. TRA na Mfuko wa Utalii ni wa nchi nzima, hao hawabadiliki. Nenda Kilifi na hatimiliki, risiti za kodi ya ardhi, kitambulisho na PIN. Na kwa kuwa hukai pale, chagua mtu wa Mtwapa wa kupokea wageni, umwandikie mkataba, na jina lake na simu yake ziwe mlangoni upande wa ndani, kwa maana bomba likipasuka saa nane za usiku mgeni hawezi kukungoja utoke Tudor.