Turubai jepesi ufukweni: lifunge hivi lisichanike

Ndugu, nimekuelewa: mnataka kulala Kayenze, ufukweni mwa Ziwa Victoria huko Mwanza, chini ya turubai bila hema, na safari iliyopita upepo uling'oa vitundu vya pembeni.

Basi usifunge kamba kwenye kitundu. Chukua kokoto laini, liweke chini ya turubai karibu na ukingo, lifunike kwa turubai lenyewe, kisha kaza kamba shingoni mwake. Hapo mvuto haukai sehemu moja, na turubai halichaniki.

Kamba kuu ya manila ipite kati ya miti miwili, usawa wa kiuno tu. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu, kwa hiyo shusha pande zote mbili karibu na ardhi. Vigingi havishiki mchangani. Jaza viroba mchanga, vifukie, ufunge hapo. Radi ikianza, ingieni kwenye gari au nyumba, turubai halikingi.

Chandarua ni lazima. Na tafadhali sana, kaeni mbali na maji: viboko hutoka usiku kula majani, na mamba wapo. Waulizeni wavuvi njia za viboko kabla hamjafunga chochote. Mkioga ziwani, baadaye nendeni zahanati mkapime kichocho.