Seva ya Ujerumani au ya Dar? Angalia njia kwanza

Mkuu, umeuliza mfumo wa SACCOS yenu uuweke Ujerumani kwenye seva ya bei chee, au hapa Dar ambako bei imechangamka. Wengi wamekujibu kwa uzalendo au kwa pochi. Mimi kazi yangu ni kutunza mifumo kama huo, na kitu cha kwanza ninachokagua ni njia inayopita data.

Seva kukaa Dar si hoja, kama data yenyewe haibaki Dar. Kuna duka la dawa za jumla Kariakoo, seva yao iko Kijitonyama, na bado muuzaji akibonyeza "hifadhi" anasubiri mpaka mteja anaguna. Nikapiga traceroute, amri inayoonyesha data inapita wapi na inachukua muda gani, kutoka kompyuta ya kaunta. Hatua za mwanzo ziko hapa hapa mjini, ghafla muda unaruka hadi milisekunde 170 hivi, majina ya ruta yanasomeka London, kisha data hiyo inarudi Dar. Aliyewauzia seva hakuwa ameungana na TIX, kituo cha Dar ambako watoa huduma wa intaneti wanabadilishana data wao kwa wao. Kwa hiyo dawa inauzwa Kariakoo, taarifa inapitia Uingereza! Tukahamia kwa jirani yake aliyeungana, muda ukashuka chini ya milisekunde 10.

Faida yake waliiona tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini. WhatsApp ilikuwa inasuasua, lakini risiti zilitoka kama kawaida.

Sasa usidhani nawapigia debe wa hapa. Yupo ambaye ukimpigia Jumamosi usiku diski imekufa, simu inaita tu hadi Jumatatu. Muulize nani anapokea simu usiku, na jenereta ikigoma kuna nini. Ulaya hayo huyawazii sana, ila unalipa kwa dola, na kadi ikikataliwa wanakuzimia bila kukujua.

Halafu nyinyi mna namba za NIDA, mishahara na mikopo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, imeweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje. Haijakataza, ila makaratasi utayajaza wewe, si Mjerumani.

Kwa hiyo mfumo wa wanachama weka Dar, nakala ya akiba ipeleke mkoa mwingine. Tovuti ya matangazo iache huko huko Ujerumani na uipitishe Cloudflare, kampuni inayoweka nakala za tovuti karibu na wasomaji; wana seva zao Dar, hakuna atakayeona tofauti.

Kabla ya kulipa, omba anwani ya IP ya majaribio, yaani namba ya seva yao kwenye intaneti. Ipigie traceroute kwa laini ya Voda, Airtel, Yas na Halotel, kila moja kivyake, maana mmoja anaweza kupita TIX na mwenzake akazunguka Ulaya. Ukipata matokeo yabandike hapa tuyasome pamoja.