Daktari, Haya Si Yale Maumivu Yangu

"Kati ya moja na kumi, maumivu yako ni ngapi?" Nalichukia swali hili kuliko sindano yenyewe. Nikisema tisa nikiwa nimekaa kitini, nimetulia, simu mkononi, naonekana mwongo. Nikisema sita ili nisionekane mwongo, naambiwa ningoje huko nyuma, na huko nyuma katika hospitali ya Nairobi Jumatatu usiku ni mbali. Mtu aliyezaliwa na selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyouita ugonjwa huu wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, amezoeana na maumivu tangu utotoni. Hutamwona akigaagaa sakafuni. Presha yake inaweza kuwa sawa, joto sawa, na hakuna kipimo cha damu kitakachotoa karatasi ya kuthibitisha kwamba huyu kweli anaumia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti hatoi risiti.

Siku hizi sianzi na nambari. Naanza na kile nilichoshindwa kufanya. "Jana nilipanda ngazi mwenyewe hadi orofa ya nne. Leo kijana wa bodaboda ndiye aliyenishika mkono hadi hapa mlangoni." Au: "Tangu asubuhi siwezi kuinua mkono kuchana nywele." Maneno kama hayo daktari huyaandika kwenye faili, na anayeingia zamu ya usiku huyasoma akaelewa. Akisisitiza nambari nampa mbili: "Sasa ni nane. Siku yangu ya kawaida ni tatu." Hiyo ya pili ndiyo inayoipa ya kwanza uzito.

Kuna jambo la mofini, ile dawa kali ya maumivu, ambalo lazima nilitaje waziwazi, maana ndilo linalowaumiza wengi. Mwenye kisukari akijua insulini yake na kipimo chake, anasifiwa kwamba anajitunza. Mimi nikitaja dawa iliyonituliza mara ya mwisho na kipimo chake, nesi ananitazama kutoka juu hadi chini. "Kwani wewe ni daktari?" Ukijua sana, wewe ni mtu wa kutafuta dawa. Usipojua, unapewa Panadol na maji. Chama cha madaktari wa damu cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2020 kwamba mgonjwa wa selimundu akifika na kraisisi, yaani shambulio la maumivu makali, apewe dawa ya maumivu ndani ya saa moja, kisha apimwe tena kila baada ya dakika 30 hadi 60. Kwetu hiyo saa moja mara nyingi huishia kwenye dirisha la kulipia.

Dawa ya shaka hiyo niliyoiona ikifanya kazi ni barua. Usiombe mofini kwa mdomo wako. Nenda kliniki siku ambayo ni mzima, wakati hakuna anayekimbizana na mtu, umwombe daktari wako aandike: huyu ni mgonjwa wangu, ana aina hii ya selimundu, akipata kraisisi dawa iliyomsaidia ni hii kwa kiasi hiki. Aweke sahihi na muhuri. Msicheke hapo kwenye muhuri. Kenya hii karatasi isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia mandazi.

Sasa nije kwenye nyonga, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia mengi.

Kwa muda mrefu kila nililolalamikia lilipewa jina moja. Mgongo, kraisisi. Kifua kikibana, kraisisi. Ndipo nyonga ya kulia ikaanza. Kraisisi yangu naijua: huja usiku, hushika mifupa ya miguu na mgongo, hukaa siku kadhaa, kisha huniacha. Hii ilikuwa ndani ya kinena. Ilinichoma nikishuka matatu na kukanyaga chini, nikilala ilipoa, na haikuondoka. Nilipewa vidonge, nikaambiwa ninywe maji mengi. Nilipigwa eksrei, picha ikatoka safi. "Mfupa uko sawa, mama. Punguza wasiwasi."

Picha ilikuwa safi kweli, na aliyeisoma hakudanganya. Ila selimundu huweza kuziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa ukaanza kufa kabla eksrei haijaona lolote. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ndiyo huona mapema. Hilo nilielezwa na daktari mwingine, wa mifupa, niliyemwendea kwa pesa za chama chetu cha akiba. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani: "Daktari, maumivu yangu ya kawaida nayajua, na haya siyo. Yanatofautiana kwa mambo matatu." Nikayataja. Akaweka kalamu chini, akanishika goti, akauzungusha mguu wangu ndani na nje hadi nikapiga kelele. MRI ilipokuja, kichwa cha mfupa kilikuwa kimeshaharibika upande mmoja, lakini hakijaporomoka.

Nimefikiri sana kwa nini yule wa kwanza hakusikia na wa pili akasikia, na sidhani ni wema tu. Kwa yule wa kwanza nilisema "naumwa nyonga", na neno "naumwa" amelisikia tangu saa mbili asubuhi kwa watu wote walionitangulia kwenye foleni. Kwa wa pili nilileta tofauti. Daktari amefunzwa kutafuta kilichobadilika, na anayejua kilichobadilika ni wewe peke yako. Kwa hiyo ijue kawaida yako kama unavyoijua njia ya kwenu.

Kawaida hiyo ina nambari pia. Wakati mmoja daktari mchanga aliyekuwa kwenye mafunzo alikuja mbio na majibu yangu: kiwango cha damu, yaani himoglobini, 7.4, anataka niongezewe usiku huohuo. Mtu asiye na selimundu akiwa na 7.4, ana haki ya kukimbiliwa. Lakini chembe zetu nyekundu huishi siku 10 hadi 20 hivi badala ya 120, na wengi wetu hukaa kati ya 6 na 9 mwaka mzima na kazini tunakwenda. Damu ya mfuko isiyohitajika ina gharama yake. Chuma hujazana mwilini, na mwili huweza kutengeneza kinga dhidi ya damu za watu, hata siku utakapoihitaji kwa dhati inakuwa shida kupata inayokupatana. Nilimwonyesha kadi yangu yenye vipimo vya siku za uzima. Alisoma, akampigia mkubwa wake simu, akarudi akaniomba radhi. Sasa geuza hiyo hadithi: kama ningefika na 5, kadi hiyohiyo ndiyo ingesema hapa pana hatari. Bila kadi mtu anabahatisha pande zote mbili.

Yangu ni ukurasa mmoja tu. Aina ya selimundu, kiwango cha damu na cha oksijeni ninapokuwa mzima, kundi la damu na kama niliwahi kudhurika nikiongezewa, dawa ninazomeza, yaani haidroksiurea ya kupunguza kraisisi, foliki asidi ya kusaidia kutengeneza damu na Paludrine ya kukinga malaria, tarehe za kulazwa, na hiyo barua ya maumivu nyuma yake. Usiandike kurasa nne. Hakuna atakayezisoma.

Nenda na mtu. Mimi huenda na dada yangu, ambaye ana subira na mwandiko mzuri. Huandika jina la kila anayetuhudumia na alichosema. Nikienda na kaka yangu tunasikilizwa haraka zaidi, hata kama hajui lolote kuhusu ugonjwa wangu. Inaniudhi, na bado huenda naye nikizidiwa. Ugomvi huo nitaupigana siku nyingine, nikiwa na nguvu.

Sisi tuliotoka Pwani tuna kero yetu ndogo hapa Nairobi. Nikitaja kwetu Kilifi, kuna anayeshangaa: "Lakini huu si ugonjwa wa watu wa ziwani?" Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya hii, alizunguka akipima damu za watu mwaka 1949 na kuona wanaobeba chembe hizi ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha kwamba kubeba jeni moja tu ya selimundu humkinga mtu na malaria. Hata utafiti wa haidroksiurea kwa watoto wa Afrika, uliotoka mwaka 2019, ulifanywa pia Kilifi. Basi ukiulizwa kabila, jibu ukipenda, kisha rudisha mazungumzo kwenye vipimo. Jina la ukoo halipimi damu.

Kuna mahali ambapo sishauri upole wala kupanga maneno. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, maana wengu wa wengi wetu ulikwisha kazi tungali watoto na maambukizi huenda kasi. Kifua kuuma pamoja na pumzi kuwa fupi. Upande mmoja wa mwili kulegea, au ulimi kuwa mzito ghafla. Wanaume wana la kwao wanaloonea haya: uume uliosimama bila hamu. Ukikaa hivyo kwa zaidi ya saa nne ni dharura, na kuona haya hapo kunaweza kukugharimu maisha ya ndoa. Ukiwa na mojawapo ya hayo usikae foleni. Nenda mbele na useme hivyohivyo, kwa sauti, tena mbele za watu. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kwa yasiyo ya dharura nina sentensi moja ambayo imenifungulia milango kuliko kelele zozote. Daktari akikataa kipimo ninachoona kinahitajika, namwambia kwa heshima: "Sawa, Daktari. Naomba uandike kwenye faili kwamba nimekiomba, na sababu ya kutokukifanya." Wengine huandika, na sababu yao ikawa nzuri, nami nikaondoka nimeridhika. Wengine hunyamaza kidogo, kisha wakavuta ile fomu ya maabara. Ukiona bado hamwelewani, mkataba wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013 unakupa ruhusa ya kutafuta maoni ya daktari wa pili, na huyo wa kwanza hapaswi kukasirika. Akikasirika, nenda tu.

Sidai kwamba madaktari wetu ni wabaya. Nimewaona wakila chakula cha mchana saa kumi, wamesimama. Ila uchovu wa daktari haupunguzi maumivu ya mgonjwa, na sioni kwa nini kuonewa huruma kwake kuniondolee mimi haki ya kusikilizwa.

Kabla baridi ya Julai haijaingia, kwa sababu baridi huwaamsha wengi wetu usiku, pitia kliniki kadi ijazwe upya. Piga picha uiweke kwenye simu, nakala moja ikae kwenye mkoba, na nyingine umpe jirani unayemwamini, yule utakayemgongea mlango saa nane za usiku.