Prague: wahi darajani kabla ya jua
Ndugu, kama una siku moja tu ya kupiga picha Prague, anza na Daraja la Charles, ila ufike kabla hakujapambazuka. Ikifika saa tatu asubuhi huna pa kusimama. Kaa upande wa Malá Strana, mtaa ulio magharibi ya mto, uelekeze kamera Mji Mkongwe ng'ambo ya pili: jua linachomoza huko nyuma ya mnara wa daraja, na zile sanamu 30 za darajani zinabaki vivuli vyeusi. Chuchumaa kidogo. Mawe ya sakafuni yakilowa umande yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na daraja lenyewe lilianza kujengwa 1357! Jioni panda bustani ya Letná uyaone madaraja ya mto Vltava yamejipanga moja nyuma ya jingine. Uwanja wa saa ya kale ni msongamano mtupu, mimi huuruka.