Jibu: Tulivyochunguza mwani wa Mlingotini tukiwa idara tatu

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba msimamizi wako anataka uungane na wanafunzi wa fizikia na kemia katika utafiti wako wa biolojia, nawe unahofia kuchelewa kuhitimu. Nakujibu kwa yaliyonipata nikisoma shahada ya uzamili, tulipochunguza kwa nini mwani wa kottonii ulikuwa ukifa Mlingotini, Bagamoyo, ilhali spinosamu uliopandwa kando yake ulistahimili.

Hofu yako ina msingi, kwani msimu wa kwanza tuliupoteza wote. Mimi nilihesabu matawi yaliyopauka na kulainika, ugonjwa ambao wataalamu huuita aisi-aisi, kwenye kamba ambazo akina mama wakulima hufungia mwani, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Mwenzangu wa fizikia alishusha kipimajoto kutoka kwenye ngalawa, huko nje penye kina. Na wa kemia alinunua mwani mkavu ghalani, asijue ulivunwa kamba ipi wala siku gani. Kila mmoja alipima sawasawa kwa kanuni za fani yake, lakini tulipokaa kuunganisha majedwali hatukupata shina hata moja ambalo tulijua joto lake, afya yake na ubora wake kwa pamoja.

Aliyetutoa hapo ni mama mmoja mkulima. Alituambia, "Wanangu, maji mnayopima huko siyo yanayoupika mwani wangu. Njooni saa tano, siku ya bamvua, mtie miguu hapa penye kigingi." Tulitia, na maji yale ya chini ya goti yalikuwa ya moto. Msimu uliofuata tulifunga kipimajoto kwenye kigingi chake, tukapima na chumvi papo hapo, maana mvua za masika zikiyazimua maji mwani nao hudhoofika, kisha tukatia mashina alama na kukata sampuli za maabara kutoka mashina hayo hayo.

Kemia ndiyo iliyonirekebisha zaidi. Karajini, ile dutu ya kugandisha inayotolewa kwenye mwani, ikiwa ya kottonii hukutana na potasiamu ikaganda kuwa jeli ngumu, ilhali ya spinosamu huganda kwa kalsiamu na kubaki laini, na kwa ugumu huo kottonii hulipwa bei kubwa zaidi. Rasimu yangu ilikuwa imeandika kana kwamba akina mama hawaelewi hatari ya kupanda mwani unaokufa. Kumbe walikuwa wakiipima hatari hiyo dhidi ya bei, na niliifuta sura nzima kwa aibu ya haki.

Kubalianeni mapema jina la nani litatangulia kwenye makala, jambo dogo ambalo limevunja urafiki mwingi. Lililo kubwa ni kigingi kimoja, wakati mmoja na daftari moja. Mwombe msimamizi wako muende uwandani nyote watatu kabla hamjaandika pendekezo. Akikubali, ungana nao.